LIKIZO PWANI WAKATI WA KUSI

Siku sita za jua, upepo na mvua huko Kuruwitu

Zamani mtu wa kazi akipewa livu alijua pa kwenda. Alifunga mzigo wake, akapanda gari la moshi au basi, akaenda kwao kutengeneza paa la nyumba, kupalilia shamba, kuamua maneno ya ndugu na kulipa madeni. Siku zake zilipokwisha alirudi kazini amechoka kuliko alivyoondoka. Kwenda mahali kwa ajili ya kupumzika tu, tena pamoja na mke na watoto, lilikuwa jambo la Wazungu wenye nyumba zao ufukoni.

Siku hizi mambo yamebadilika. Tangu mwaka 2017, gari la moshi la reli mpya humtoa mtu Nairobi asubuhi na kumfikisha Mombasa mchana wa siku ile ile, na jamaa nyingi za bara hujiwekea akiba ya mwaka mzima ili watoto waione bahari kwa macho yao. Walakini wengi huenda mwezi wa Desemba, wakati wa Kaskazi, jua linapowaka na bahari inapotulia. Wale ambao likizo yao huangukia mwezi wa Agosti huogopa. Husikia kwamba huo ni wakati wa Kusi, upepo ni mkali, mvua huja bila ya kubisha hodi, na bahari huchafuka. Basi hukaa nyumbani.

Makala haya ni kwa ajili yao. Sisi tulikwenda mwezi wa Agosti, watu saba: mimi, mama watoto, watoto wetu wanne, na mama yangu mzazi, ambaye amelima kahawa huko Kirinyaga umri wake wote na hakupata kuiona bahari. Tulikaa siku sita katika nyumba ndogo ya makuti huko Kuruwitu. Tulinyeshewa, tukapigwa na upepo, tukaota jua. Na hapana hata mmoja wetu anayetamani kurudishiwa fedha zake.

Mahali penyewe

Kuruwitu ni katika kaunti ya Kilifi, kama kilomita 40 kaskazini ya Mombasa. Mtu akishavuka daraja la Mtwapa hupita Kikambala, kisha huyaona mashamba makubwa ya katani ya Vipingo, safu kwa safu mpaka macho yachoke. Hapo huiacha barabara kuu iendayo Malindi, akashika njia ya vumbi upande wa kulia kuelekea baharini. Mbele kidogo ni Takaungu, mji wa kale, ambako ukoo mmoja wa Wamazrui ulihamia baada ya kuondolewa Mombasa na Sayyid Said mwaka 1837.

Wenyeji wengi ni Wamijikenda. Hulima mahindi, mihogo na minazi, na wengine huvua. Mbele ya kijiji, kwa mwendo wa dakika chache kwa ngalawa, kuna mwamba mrefu uliolala sambamba na pwani kama ukuta wa boma. Nje ya mwamba ni bahari kuu. Ndani yake ni maji ya kina kifupi, yenye mchanga mweupe, nyasi za baharini na matumbawe. Mambo yote ya Kuruwitu, ya furaha na ya taabu, yahusu ukuta ule na maji yale yaliyo nyuma yake.

Upepo hutoka wapi?

Kijana wetu wa kwanza, ambaye yu katika shule ya sekondari, aliuliza swali la haki: kwa nini upepo uwe na majira, kama mahindi? Jibu ni hili. Miezi ya Juni, Julai na Agosti jua huwa upande wa kaskazini ya dunia, na nchi kubwa za Asia hupata joto jingi. Hewa ya huko hupanda juu, na hewa ya baridi kidogo kutoka bahari ya kusini huvutwa kwenda kushika mahali pake. Hiyo ndiyo Kusi, nayo hutufikia ikitoka upande wa kusini mashariki. Mwezi wa Desemba mambo hupinduka: Asia hupoa, na upepo hurudi ukitoka kaskazini mashariki. Hiyo ndiyo Kaskazi. Kwa pepo hizi mbili majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalikuja pwani yetu na kurudi kwa karne nyingi, bila ya kutumia mafuta hata kibaba kimoja.

Kusi huanza kwa kishindo. Mwezi wa Mei huleta mvua kubwa, na pwani ndio mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote. Kufika Agosti nguvu za mvua zimepungua, illa upepo ungali una nguvu zake. Kwa hiyo hali ya mwezi huo ni ya kigeugeu. Asubuhi twaweza kuamka na jua safi. Saa tano likaja wingu jeusi kutoka baharini, likamwaga maji kwa robo saa, likaenda zake bara. Saa sita nguo zilizoanikwa zikawa zimekwisha kauka. Mtu wa bara akiona mawingu hudhani siku imeharibika. Mtu wa pwani hungoja tu chini ya mti.

Kuna jambo moja la kututuliza. Tufani kubwa zile ziangushazo miji katika nchi za Msumbiji na Madagaska ni nadra sana kufika Kenya. Tufani huhitaji kuzungushwa na mwendo wa dunia, na karibu na ikweta nguvu ya kuzungusha ni ndogo mno. Nayo Kuruwitu haifiki hata nyuzi 4 kusini ya ikweta. Mwezi wa Mei 2024 tufani iliyoitwa Hidaya ilipiga pwani ya Tanzania karibu na Mafia, na watu wakashangaa kuwa imekaribia hivyo. Basi upepo wa Agosti si tufani. Walakini si upepo wa kuchezea pia, kama tutakavyoona.

Siku mbili za ndani

Siku ya kwanza na ya pili mvua ilituweka barazani. Watoto walinuna. Mdogo wetu, mwenye miaka sita, alikuja na ndoo yake na koleo, akaketi mlangoni akiitazama bahari kama mtu aliyekwenda kudai fedha akakuta ofisi imefungwa.

Hapo ndipo tulipojua faida ya nyumba kuliko hoteli. Katika hoteli mvua ikinyesha mgeni hana kazi. Katika nyumba kuna moto wa kukoka, nazi ya kukuna na mchele wa kuchagua. Mama wa jirani aliyetuletea maji ya kunywa aliwafundisha binti zetu kukaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, kisha kukamua tui la kwanza na la pili. Mama yangu, ambaye hupika githeri tangu utoto wake, alikula wali wa nazi kwa samaki wa kupaka, akanyamaza kitambo, kisha akauliza kama mnazi waweza kuota Kirinyaga. Tulimwambia kwamba kwetu ni baridi. Alisikitika kweli.

Jioni, umeme ulipokatika, tuliketi katika nuru ya kandili tukisikiliza makuti yakipigwa na upepo. Nilitambua kwamba katika mwaka mzima sikuwa nimeketi na watoto wangu wote saa mbili mfululizo pasipo simu wala televisheni. Kijana wetu aliniuliza habari za babu yake, ambazo hakupata kuniuliza hata siku moja. Mvua ndiyo iliyoniletea swali hilo.

Maji kujaa na maji kupwa

Siku ya tatu kulipambazuka kweupe. Kabla ya kuwaachia watoto waende majini, tulikwenda kwanza kumwuliza mtu ajuaye, na hili ni neno la kwanza ninalomshauri kila mzazi. Tulimkuta mzee mmoja mvuvi akitengeneza wavu chini ya mvinje. Watoto wakamwamkia, “Shikamoo, babu.” Akajibu, “Marahaba, wajukuu wangu,” akaweka sindano yake ya wavu chini, akatufundisha mambo ambayo hakuna kitabu chetu cha shule kilichoyaeleza vizuri hivyo.

Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa mchana na usiku mmoja, na kila siku huchelewa kwa dakika kama 50 kuliko jana yake, kwa kuwa hufuata mwezi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti ya juu na chini hupita mita 3, yaani kimo cha watu wawili wafupi mmoja juu ya mwenzake. Siku za katikati ni za maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayashuki sana. Na katika pwani yetu, siku za bamvua maji hupwa kabisa yapata saa nne au saa tano ya asubuhi, na kujaa yapata saa kumi au saa kumi na moja ya jioni. Mtu akiujua mwezi, hana haja ya karatasi.

Jambo la kuangaliwa sana ni kwamba maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Hupanda kwa saa sita. Lakini saa ya kwanza huja polepole, saa ya tatu na ya nne hukimbia, na katika saa hizo mbili hupanda nusu ya kimo chote. Watu wa bara hudanganyika na ile saa ya kwanza. Wako mbali juu ya mwamba, waona maji yamefika kisigino, wasema bado. Kumbe chini ya pwani, nyuma yao, kuna mfereji wenye kina kuliko mahali waliposimama, nao ndio unaojaa kwanza. Wakigeuka, njia imekwisha fungwa.

Mzee alituambia na neno jingine la wakati wa Kusi. Maji yanapokupwa, mwamba husimama juu kama ukuta na kuvunja mawimbi, na ndani huwa shwari hata kama nje bahari yanguruma. Maji yakijaa, mawimbi hupita juu ya mwamba na kuingia ndani. Kwa hiyo wakati huu wa mwaka afadhali mtu aoge na kutazama samaki maji yakiwa madogo, na yakianza kujaa atoke. Tangu hapo watoto wetu walikuwa na saa yao, nayo haikuwa ukutani.

Bahari iliyotengwa

Mgeni akiuliza ni wapi penye samaki wengi wa kutazama, huelekezwa mahali penye alama zinazoelea juu ya maji. Hapo wavuvi wenyewe wamepafunga. Hapavuliwi kwa wavu, wala mshipi, wala dema, wala mkuki. Huitwa tengefu, kwa kuwa pametengwa.

Habari ya tengefu hiyo yafaa ijulikane na kila mkulima. Miaka ya tisini samaki walikuwa wakipungua. Wavuvi walizidi, na wengine walikuja na nyavu za matundu madogo na majuya ya kukokota, ambayo huchukua kila kitu, mkubwa na mdogo, na kuvunja matumbawe. Kisha mwaka 1998 bahari ya Hindi ilipata joto kupita kawaida, na matumbawe mengi katika pwani yetu yakageuka meupe na kufa. Tumbawe si jiwe tu, bali ni mnyama mdogo sana ajengaye nyumba ya chokaa, na ndani ya mwili wake huishi mimea midogo isiyoonekana kwa macho ambayo humpa chakula na rangi. Joto likizidi humfukuza mpangaji wake, na asiporudi upesi, mwenye nyumba hufa kwa njaa. Matumbawe yakifa, samaki hawana pa kuzalia wala pa kujificha.

Mwaka 2003 watu wa Kuruwitu walianzisha chama chao, Kuruwitu Conservation and Welfare Association. Mwaka 2005 walikata shauri kuzifunga hekta 30 za bahari yao, yaani kama ekari 74. Kenya ilikuwa na hifadhi za baharini kabla ya hapo. Zile za Malindi na Watamu ziliwekwa mwaka 1968. Lakini hizo zilifungwa na Serikali. Hii ya Kuruwitu ilikuwa ya kwanza ya matumbawe nchini Kenya kufungwa na wanakijiji wenyewe, kwa hiari yao. Mwaka 2017 chama hicho kilikuwa kimojawapo cha vikundi 15 ulimwenguni vilivyopewa Tuzo ya Ikweta na UNDP, yaani Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Na vijiji vingine vya pwani vimekwisha fuata mfano huo.

Tuzo ni jambo la fahari. Walakini ekari 74 za bahari hazifungwi na tuzo. Mtu fulani hana budi kulala na njaa kwanza.

Mkulima na mvuvi

Neno hili lilifunuka siku ya tatu jioni, wakati yule mzee alipotuletea samaki aliotuahidi. Alikuja na tafi wanne wadogo na changu mmoja, akaomba radhi. Alisema kwamba Kusi imewafungia mlango: vyombo vyao ni vidogo, na nje ya mwamba mawimbi yangevipindua. Alikuwa ametoka alfajiri, na hao ndio riziki yake ya siku nzima.

Mama yangu alimtazama sana, kisha akasema, nami nikatafsiri pale Kiswahili chake kilipokwama: “Mzee mwenzangu, hapo mlipofunga, karibu hivi, ndani ya ukuta, si ndipo penye samaki wengi? Kwa nini msiingie siku kama hizi, mkatoka pakitulia?”

Mzee hakukasirika. Alisema, “Mama, wewe ni mkulima. Mwaka wa njaa, mahindi ya mbegu yaliyo katika uchaga, wayala?”

Mama yangu akajibu, “Nimewahi kuona watu wakiyala.”

“Mwaka wa pili walipanda nini?”

Mama alinyamaza. Alipokuwa msichana aliona njaa, na alijua jibu.

Kisha mzee alitueleza kwa urefu. Alisema kwamba shauri lilipoletwa, yeye alikuwa miongoni mwa waliolikataa, tena kwa maneno makali. Alikuwa na watoto shuleni. Na mahali pale palipotakiwa kufungwa ndipo palipokuwa kimbilio lake wakati wa Kusi, kwani palikuwa shwari. Wenye vyombo vikubwa hawakupoteza kitu. Wenye mitumbwi kama yeye ndio waliotoa. Mwaka wa kwanza alimwachisha binti yake mmoja shule kwa muhula mmoja. Hakuficha kwamba jambo hilo bado humwuma. Miaka michache baadaye alianza kuona samaki wakubwa kando ya mpaka, wale waliozaliwa ndani wakafurika nje, naye akawavua kwa halali. Sasa mjukuu wake ni mmoja wa walinzi.

“Twaambiwa tumeponya bahari,” alisema. “Ni kweli. Lakini si ya kuponywa mara moja ikaisha. Kila Kusi yatubidi kukata shauri upya.”

Usiku ule upepo ulizidi. Yapata saa nane niliamka kufunga dirisha, nikaona nuru ya kurunzi ikitembea polepole ufukoni katika mvua, ikasimama, ikaenda tena. Alikuwa mlinzi. Asiye mwaminifu huchagua usiku kama huo, akidhani hapana atakayetoka nje.

Wingu juu ya mwamba

Siku ya nne mwezi ulikuwa umeandama, na maji yalikuwa yakipwa yapata saa nne na nusu. Tulilipa ada ya chama, tukapanda mashua na kijana mmoja msimamizi. Kila mtoto alivaa jaketi la kuelea na miwani ya kuzamia. Mama yangu aliketi katikati ya mashua, ameshika kingo mbili, akimwomba Mungu kwa Kikikuyu.

Walichokiona watoto chini ya maji sitaweza kukieleza kwa urefu wake. Waliona pono wenye rangi ya bluu na kijani wakitafuna matumbawe kwa meno yao magumu. Msimamizi alituambia kwamba pono husaga chokaa ile tumboni na kuitoa kama unga, na kwamba sehemu ya mchanga mweupe tunaoukanyaga ufukoni imetoka kwao. Mdogo wetu alicheka mpaka akameza maji ya chumvi. Waliona kasa akila nyasi kama ng'ombe malishoni. Binti yetu wa pili aliokota koa mzuri wa rangi ya dhahabu, akaambiwa kwa upole amrudishe mahali pake, kwa kuwa hapa kila kitu kina mwenyewe. Alinung'unika, akamrudisha.

Tulikuwa tumelipia muda wa saa mbili. Kabla ya saa moja kutimia, msimamizi alitazama upande wa kusini mashariki, akaamuru wote wapande. Mimi sikuona kitu illa mstari wa kijivu mbali sana. Kijana wetu alilalamika kwamba jua linawaka na muda wetu haujaisha. Msimamizi hakubishana naye. Alisema tu, “Panda, ndugu yangu, fedha zako utarudishiwa, lakini panda.”

Tulipofika nusu ya njia, upepo ulibadilika ukawa baridi. Tulipokanyaga mchanga, ule mstari ulikuwa ukuta mweusi. Kisha mvua ikashuka, nzito na ya kulala upande, na kwa muda wa dakika ishirini hatukuweza kuuona mwamba, wala zile alama za tengefu, wala mahali ambapo watoto walikuwa wakielea. Mama watoto alihesabu vichwa vya watoto mara mbili, na mara ya tatu. Kijana wetu alisimama chini ya paa la kibanda, maji yakimtiririka usoni, hakusema neno. Mvua ilipokatika alimwendea msimamizi, akampa mkono.

Yule msimamizi angaliweza kutuacha tukamaliza muda wetu. Tulikuwa wageni, tumekwisha lipa, na mgeni aliyeridhika hurudi. Alichagua kutuudhi. Mtu wa namna hiyo ndiye afaaye kupewa watoto wa mwenziwe.

Faida ya mgeni wa Agosti

Sasa twaweza kurudi kwa lile swali la majira. Mwezi wa Desemba Kuruwitu ina wageni, na bahari iko wazi kwa vyombo vidogo; riziki huja kwa milango miwili. Mwezi wa Agosti bahari kuu imefungwa na upepo, tengefu imefungwa kwa ahadi, na wageni wengi hawaji kwa kuogopa mawingu. Huo ndio wakati ambao mbegu iliyo katika uchaga hutamaniwa zaidi.

Jamaa moja inayokuja wakati huo hulipa kodi ya nyumba, ada ya kuingia, ujira wa mashua, bei ya samaki, madafu, mahamri na mbaazi. Si fedha nyingi. Lakini huja siku ambayo mvuvi amerudi na tafi wanne, nazo humsaidia kuishika ahadi yake siku moja zaidi. Mgeni naye hufaidika: nyumba hupatikana kwa urahisi kuliko Desemba, hewa ni ya kupendeza wala si ya joto la kuchosha, na wenyeji wana nafasi ya kuzungumza naye.

Mashauri machache

Kwa wasomaji watakaopenda kwenda, nayaweka hapa mambo tuliyojifunza. Kwanza, tazameni mwezi kabla ya kuchagua tarehe. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu maji hupwa asubuhi, nao ni wakati mzuri kwa watoto. Pili, ulizeni mwenyeji kila siku kabla ya kuingia majini, hata kama jana mliuliza. Tatu, msiende mwambani pasipo msimamizi, na akisema rudini, rudini bila ya kumwuliza sababu. Nne, chukueni sweta nyepesi, koti la mvua, viatu vya mpira vya kukanyagia miamba, kwani kuna wanyama wenye miiba mirefu myeusi ichomayo vibaya, na vitabu vya hadithi kwa siku za ndani. Tano, msinunue makombe, matumbawe wala vitu vya gamba la kasa; anayenunua ndiye anayemtuma mwizi. Sita, nunueni samaki kwa mvuvi mwenyewe, na mkiona ni wadogo mno, mwambieni kwa adabu kwamba mngependa aliyekomaa.

Mama yangu alirudi Kirinyaga na nazi tatu katika kikapu chake. Majirani wakimwuliza bahari ni nini, hawaambii habari za ukubwa wake wala chumvi yake. Huwaambia kwamba ni shamba, na kwamba amewaona watu wanaojua kuliacha lipumzike. Kwa mwanamke aliyelima miaka hamsini, hiyo ni sifa kubwa. Nao watu wa Kuruwitu wanastahili kuisikia.